Kanzu Isiyo na Bei

Mnada wa hisani wa Muyinga ulikufa kifo kibaya, na aliyeuua ni Farida mwenyewe kwa kupenda vitu vizuri. Alikusanya godoro jipya, redio ya sola, magunia mawili ya mchele na pasi ya umeme ambayo haijatoka kwenye boksi. Kaka yake Othmani akapanga viti uani kwake, wafanyabiashara wakaja wamependeza, wakala sambusa na kusifu chai. Godoro lilipoletwa mbele yao, kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu kichwani, maana huyu anauza magodoro na yule anayaagiza kwa kontena. Walipanda mpaka bei ya dukani, kisha wakaanza kutazama viatu vyao. Mwenye duka ukimwomba sadaka huenda akakupa, lakini ukimwonyesha bidhaa atakumbuka bei ya jumla tu.

Kilichopatikana hakikufika hata robo ya fedha za matibabu. Farida akapanda gari kurudi Gitega, binti yake Sauda amemlalia mapajani, midomo imegeuka buluu. Moyo wa Sauda ulikuwa na tundu. Daktari alisema apelekwe nje ya nchi kupasuliwa kabla mwaka haujaisha, na aliposema hivyo hakumtazama Farida usoni. Ulibaki mnada mmoja tu, wa Jumapili, kwenye ukumbi wa Waislamu wa Gitega. Baada ya huo hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Salman, ambaye ndiye dalali wa minada yote ya hisani mjini, alimfuata kwenye cherehani yake sokoni.

"Mama Sauda, mi nakwambia kweli, vitu ya duka usilete tena. Leta kitu haina bei, kitu mtu hawezi agiza Dubai. Na iko tatizo ingine. Mzee Hassanali akisema tu, watu wote wananyamaza. Wote wanachukua mali kwake, nani atampandia juu?"

"Donc mi nifanye nini?"

"Tafuta kitu itatia mtu wazimu." Akacheka, akaenda zake.

Farida hakucheka, kwa sababu kitu hicho alikuwa nacho. Chini ya vitambaa vyake palikuwa na kanzu nyeupe ya mtoto wa kiume, shingo imetariziwa kwa nyuzi za fedha. Kulsumbai, mke wa Hassanali, ndiye aliyeiagiza kwa ajili ya Idi miaka mitatu nyuma. Alichagua uzi mwenyewe, akalipa yote siku ileile. Kabla Idi haijafika, mwanawe wa pekee, Nadir, aligongwa na lori akafa kwenye njia ya Makebuko. Hakuna aliyekuja kuichukua kanzu, na Farida hakupata ujasiri wa kuipeleka. Tangu hapo alikuwa akiikwepa nyumba ile, na akimwona Kulsumbai upande huu wa barabara, yeye huvukia ule.

Sasa akaitoa, akaipiga pasi. Alijichukia, lakini Sauda alikuwa kwenye mkeka nyuma yake, akihema kana kwamba amepanda kilima, ilhali hajanyanyuka tangu asubuhi. Hesabu ya Farida ilikuwa moja. Kulsumbai ataitambua kanzu, na hatakubali iende kwa mwingine kwa bei yoyote.

Mume wa Kulsumbai hakumtia kwenye hesabu. Hassanali alikuwa hajawahi kuiona.

Jumapili ukumbi ulijaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili wa pazia jepesi. Mbuzi kutoka Buraza aliuzwa mara nne, maana ndivyo desturi ilivyo: anayenunua hulipa, kisha husema "Nairudisha," na mnada huanza upya. Makofi yalikuwa mengi, ila fedha bado zilikuwa mbali. Ndipo Salman akainua kanzu.

Hassanali akataja bei nzuri kwa sauti ya mtu asiyezoea kupingwa. Hakuna aliyempandia.

"Imeenda!" akasema Salman.

"Nairudisha!" Hassanali akapunga mkono. "Kwa mtoto Sauda!"

Kulsumbai alikuwa ameshasimama. Farida alimwona akigeuza kichwa, akitafuta kati ya wanawake, mpaka macho yao yakakutana. Hayakuwa macho ya hasira bado, yalikuwa yanauliza tu. Farida akatazama chini.

Kulsumbai akataja bei. Ukumbi ukaguna, kisha ukacheka, maana kila mtu aliijua sauti ile. Hassanali naye akacheka.

"Tiens! Bibi anataka kunishinda leo?"

Akapanda. Mkewe akapanda juu yake. Watu wakagonga meza kwa furaha, mume na mke wanashindana, sinema ya bure. Kila bei ilipoongezeka Farida alimwona Sauda akiingia kwenye ndege, akilazwa, akiamka. Neno lake moja lingeusimamisha mchezo ule, naye alilibana mdomoni kwa nguvu zake zote. "Mungu anisamehe," aliomba kimoyomoyo, "pandeni tu. Pandeni."

Hassanali akashinda tena. Fedha zilikuwa zimetimia na kuzidi kidogo. Salman akamkabidhi kanzu, naye, uso umemkunjuka kwa raha ya kutoa, akaiinua juu ili wote waione.

"Nairudi—"

"Baba Nadir, usirudishe!"

Jina hilo halikuwa limetajwa mbele yake kwa miaka mitatu. Kulsumbai alikuwa amelisukuma pazia, amesimama katikati ya wanaume.

"Iko ya Nadir hiyo. Ile ya Idi."

Mzee akaitazama ile shingo ya fedha. Akaitandaza kanzu kifuani pake, nayo ikamfikia magotini tu. Akakaa chini palepale sakafuni, na ukumbi mzima ukamsikia akilia.

Kulsumbai akarudi upande wa wanawake, mpaka mbele ya Farida.

"Mi nilishalipa hii."

"Ndiyo, mama. Ulilipa."

"Mais kwa nini hukuja nyumbani? Ungesema tu, Kulsumbai, mtoto anakufa. We ulidhani mi sijui mtoto kufa iko namna gani?"

Wiki nzima Farida alikuwa akiwaza amuuzie vipi mama huyu kanzu yake, na kumwomba hakukumjia akilini hata mara moja.

"Salman," Kulsumbai akaita bila kugeuka, "mpe pesa zote. Usipunguze kitu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Sauda apone. We, kwangu usikanyage tena."

Farida akalia kwa aibu mbele ya wanawake wote, na hakuna aliyemshika bega. Chini ya aibu ile palikuwa na furaha, Sauda ataenda, Sauda ataenda, na alijua kabisa kwamba angeambiwa arudie, angeipiga pasi kanzu ile upya.