Saa za Kutazama Wagonjwa

Mimi Egbert natamka, kwa utulivu wa mtu anayetia sahihi, kwamba mbuzi wa mkuu wa chuo nilimpaka dawa ya zambarau mimi, peke yangu. Ndiyo maana wenzangu wa chuo cha waganga wasaidizi walipokwenda mafunzo ya vitendo katika hospitali kubwa ya Bukoba, mimi nilipelekwa zahanati ya Bweranyange: vyumba viwili na mkunga mmoja, Mama Auleria.

Siku ya nne, asubuhi, wanaume kumi na wawili walimleta Eustadia, mwenye uchungu tangu jana yake, juu ya engozi, ile machela ya fito na kamba. Mama Auleria akampokea ndani. Wabebaji wakaketi uani, wakatoa viko.

Nilikuwa nimevaa koti jeupe. Koti jeupe ni kitu cha hatari.

"Wazee, shikamooni. Saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Nendeni nyumbani."

"Marahaba, daktari," alisema Mzee Rwegoshora, kiongozi wao. "Tukienda, atabebwa na nani?"

"Atabebwa na utaalamu."

Walitazamana, wakaondoka.

Haikupita nusu saa Mama Auleria akatoka, mikono imelowa. "Mtoto amekingama tumboni. Asipopasuliwa leo, watakufa wote wawili. Waite wabebaji, twende hospitali ya misheni."

Misheni ni mwendo wa saa tano.

"Nimewaruhusu, Mama."

Alinionyesha nje kwa kidole. "Basi panda kichuguu kile, upige enduru."

Enduru ni yowe la hatari, na kijana aliyesoma bweni hapigi mayowe. Nilipiga. La kwanza lilitoka kama la jogoo mchanga. La pili lilitoka tumboni.

Kilima cha pili kikaitikia. Kisha cha tatu. Migomba ikaanza kutoa watu, ngata za majani makavu mabegani, wengine na majembe bado mikononi. Waliondoka kumi na wawili. Walirudi zaidi ya arobaini, na hakuna aliyeniuliza neno.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Walikwenda mbio, wanne wanne, na walipopokezana engozi haikuyumba. Kikombe cha maji kisingemwagika. Kila kilima tulichofika tuliwakuta wengine wamesimama njiani, maana yowe lilikuwa limetutangulia. Nilibeba zamu moja. Bega langu linaikumbuka.

Jua lilikuwa bado juu Eustadia alipoingizwa chumba cha upasuaji. Muuguzi kijana, koti jeupe pe, akatoka uani.

"Wazee, saa za kutazama wagonjwa zimekwisha."

Hakuna aliyeinuka. Mzee Rwegoshora alinigeukia mimi. Nilivua koti langu, nikalikunja, nikalikalia.

Tulimsikia mtoto kwanza. Kisha, baada ya kungoja sana, Mama Auleria akasimama mlangoni.

"Na mama yake mzima."

Wanaume wakavua kofia. Mimi sikuwa na kofia, nikainamisha kichwa.

"Daktari," Mzee Rwegoshora akasema, akinitupia ngata yake, "usiende mbali. Kuna kumrudisha."