Macho ya Verl Thayne

Asubuhi ya siku ya pili ya safari nilimwona Verl Thayne akimimina kahawa kando ya kikombe. Haikuwa kama mtu aliyeteleza mkono. Alimimina kwa utulivu kabisa juu ya mchanga mwekundu, kikombe kikiwa vidole vitatu upande wa kulia, na alisimamisha birika pale tu aliposikia kwamba sauti si ya kikombe. Akageuza kichwa huku na huku kuona kama kuna aliyemwona. Niliinama upesi, nikajifanya natafuta chumvi kwenye sanduku la chakula.

Verl alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia kwenye mto Kolorado, akiwashusha wageni kutoka Moab hadi mwisho wa korongo. Ndiye aliyenifunza kazi. Nilifika kwake nikiwa binti wa miaka ishirini na miwili, sijui hata kufunga fundo la maana, na mwaka huo nilikuwa kwenye msimu wangu wa kumi na moja. Safari yenyewe ilikuwa ya siku tano, boti mbili za mpira, yake na yangu, na wageni watano. Siku tatu za mwanzo mto huenda taratibu, mtu anaweza kulala juu ya mizigo na kofia usoni. Siku ya nne yanaanza maporomoko. Huko hakuna barabara wala njia ya kurudisha boti juu. Ukishaingia, unatokea upande wa pili au hutokei.

Mchana wa siku hiyo ya pili gogo kubwa lilikuwa likielea mbele ya boti ya Verl. Nilimwonyesha kwa kasia. Akanipungia mkono, akatabasamu, akaendelea moja kwa moja mpaka boti ikaligonga.

"Vipi, mzee, siku hizi unawinda magogo?" Hap Dorrance alimtania. Hap alikuwa dereva wa malori mstaafu kutoka Grand Junction. Kila mwezi wa Mei, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akipanda boti ya Verl na kukaa palepale mbele.

"Nilitaka kuona kama umelala," Verl alijibu, na wageni wakacheka.

Mimi sikucheka. Jioni tulipopiga kambi nilimfuata kule alikokuwa akifunga kamba za boti. Nilinyoosha vidole viwili mbele ya uso wake.

"Vingapi?"

Aligeuza kichwa kidogo, kama ndege anavyotazama punje, akasema, "Viwili. Nikitazama kwa pembeni naona. Katikati ndiko kuna ukungu."

"Tangu lini?"

"Tangu majira ya baridi. Daktari amesema haurudi nyuma huo." Alikaza fundo bila kulitazama. "Ofisini hawajui. Hap hajui. Cori, nipe safari hii moja tu. Mto huu naujua kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Nikitoka hapa nafunga kazi mwenyewe, sitaki kufungiwa."

Nilipaswa kukataa palepale. Nilijua hivyo hata wakati nikimwambia, "Sawa, mzee." Lakini huyu ndiye aliyenitoa majini mara mbili nikiwa mwanafunzi wake, na hakuwahi kumsimulia mtu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kawaida. Tulikula keki ya pichi iliyookwa kwenye sufuria la chuma juu ya makaa, na Hap akaramba kifuniko. Ila asubuhi ya siku ya nne, kijiti nilichokuwa nimekichomeka ukingoni kupimia maji hakikuonekana tena. Theluji ya milimani ilikuwa ikiyeyuka kwa kasi, na mto ulikuwa umepanda karibu mita moja. Maji yalikuwa mazito, rangi ya matofali, yakiburuta matawi mazima.

Saa nne tulifika juu ya poromoko ambalo sisi wapiga makasia tunaliita Taya. Tulifunga boti, tukapanda miamba kutazama njia, kama desturi. Pale juu mngurumo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilimsogelea Verl sikioni.

"Niambie unapita wapi."

"Palepale pa siku zote. Unaingia kushoto kwa jiwe la mraba, mapigo matatu ya makasia, unajiachia."

"Jiwe la mraba liko wapi?"

Akanyoosha mkono. Pale alipoonyesha hapakuwa na jiwe. Maji yalikuwa yamelifunika, na nyuma yake palikuwa pamefunguka shimo ambalo sijawahi kuliona, maji yakishuka na kujikunja kurudi nyuma kwa urefu wa nyumba. Njia sasa ilikuwa mbali sana kulia, utepe mwembamba kando ya ukuta.

"Verl, jiwe limezama. Ukienda kushoto unaingia shimoni. Njia ni kulia. Nipe makasia yako. Nitashusha boti yangu, nitapanda kwa miguu, kisha nishushe na yako."

"Hapana."

"Itachukua saa moja tu."

"Boti yangu hajaiendesha mtu mwingine hata siku moja. Umeshaniambia ni kulia, nitaenda kulia."

"Na utauonaje huo mlango wa kulia? Upana wake haufiki boti mbili."

"Wewe mtoto nilikufundisha mimi," alisema kwa sauti ya chini, "leo ndiye wa kunikagua?"

Nilirudi chini kwenye boti. Wageni walikuwa wakikaza majaketi yao ya kuelea. Boti yangu ilikuwa na akina dada wawili wa Nebraska, Lorrie na Beth-Ann. Ya Verl ilikuwa na Duane Ochoa na mkewe Pilar, pamoja na Hap. Verl alikuwa akishuka nyuma yangu, nami nikasema kabla moyo haujanigeuka.

"Jamani, sikilizeni. Verl haoni vizuri. Ana ugonjwa wa macho, na njia ya leo imebadilika. Nimejua tangu juzi na nimewaficha. Nisameheni. Aliye kwenye boti yake anaweza kutembea ukingoni mpaka chini, nitamchukua huko."

Pilar alimtazama mumewe. Verl alisimama hatua tano kutoka kwetu, mikono imening'inia, uso mwekundu kama amepigwa kofi.

"Ni kweli, Verl?" Duane aliuliza.

"Ni kweli."

"Siku tatu tumepanda na wewe, na watoto wetu wako nyumbani wanatusubiri," Pilar alisema taratibu. Akafungua mkanda wa helmeti yake. "Sisi tunatembea."

"Nami ningefanya hivyo," Verl alimjibu.

Hap hakuondoka kwenye kiti chake cha mbele. Alikuwa ameshashika kamba kwa mikono miwili.

"Hap, teremka," nilimwambia.

"Niteremke niende wapi? Goti hili halipandi hata ngazi ya kanisa."

"Nitakubeba."

"Utanibeba, wewe kijiti?" Aliangua kicheko, halafu akawa na uso wa kawaida. "Cori, umesema ukweli na nakuheshimu. Lakini siwezi kumwacha mtu aingie pale peke yake huku mimi nikimwangalia toka kivulini. Anahitaji macho, mimi ninayo mawili. Nitamwambia kulia, kushoto."

"Teremka, Hap," Verl naye alisema.

"Piga makasia, mzee, jua linatuchoma."

Ningeweza kukaa chini nikagoma. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini Verl ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema yote niliyokuwa nayo. Nilifungua kamba, nikatangulia.

Niliipata njia ya kulia kwa shida. Kasia moja liligusa ukuta, Beth-Ann alilowa hadi masikioni, wimbi moja likatuinua na kututupa chini, na tukawa tumepita. Nilivuta kwa nguvu zote hadi kwenye maji yanayozunguka nyuma ya mwamba, Lorrie akalishika jiwe, tukageuka kutazama juu.

Boti ya Verl ilitokea ikiwa imekaa vizuri. Hap alikuwa akinyoosha mkono wa kulia, akinyoosha tena, na niliuona mdomo wake ukifunguka. Lakini kwenye mngurumo ule hata mimi na Lorrie hatukusikilizana. Verl alivuta, na alivuta kwa nguvu. Alichelewa mapigo mawili. Boti ikapanda ubavu juu ya lile jiwe lililozama, ikasimama wima kama mlango, ikapinduka ndani ya shimo.

Kwa muda hapakuwa na kitu isipokuwa povu. Kisha boti ikaibuka, tumbo juu, na Verl akiwa amening'inia kwenye kamba ya ubavuni. Niliitafuta helmeti ya pili. Nilihesabu kwa sauti. Nilipofika kumi na nne, kitu cha njano kiliibuka mbali chini yetu, katikati ya mto, kikielekea poromoko linalofuata.

Verl alikuwa upande wa kushoto, karibu kutufikia. Kamba yangu ya kurusha ingemfikia. Hap alikuwa akienda.

"Mfuate Hap!" Verl alipiga kelele. "Niache mimi, mfuate Hap!"

"Achia jiwe," nilimwambia Lorrie.

Alinitazama mara moja, akaliachia. Tulimpita Verl karibu kiasi cha kuona damu ikimtoka juu ya nyusi. Beth-Ann, ambaye kwa siku tatu alikuwa akiogopa hata kunawa mtoni, alijilaza kifudifudi mbele ya boti na kunielekeza kwa mkono. Tuliingia poromoko la pili kinyumenyume, kwa kuwa sikuwa na nafasi ya kugeuza. Hap alizama, akaibuka, akazama. Mara ya tatu alipoibuka alikuwa ubavuni mwetu, uso wa kijivu, mdomo wazi.

"Shikeni mabega ya jaketi!" nilisema. "Mzamisheni kidogo aibuke, halafu vuteni!"

Wale dada walimvuta, na wote watatu wakaanguka ndani ya boti kama gunia lililopasuka. Hap hakuwa akipumua. Sikuweza kuachia makasia, mawimbi yalikuwa bado yanatupiga. Nilimfokea Lorrie amlaze ubavu na kumpiga mgongoni kwa kiganja, ampige kwelikweli. Alimpiga mara nne. Mara ya tano maji yalimtoka Hap puani na mdomoni, akavuta pumzi kwa sauti kama ya mlango mkavu, akaanza kutukana. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia matusi.

Tulitua kwenye ufuko wa mchanga chini ya poromoko la tatu. Mfupa wa bega la Hap ulikuwa umevunjika. Ulionekana chini ya ngozi. Nilimfunga mkono kifuani kwa shati langu, nikatoa simu ya setilaiti, nikaomba helikopta. Baadaye boti ya Verl ilipita katikati ya mto, bado tumbo juu, haina mtu.

"Yuko wapi?" Hap aliuliza.

"Anakuja."

"Usinidanganye, Cori."

"Sijui yuko wapi," nilimwambia.

Tulikaa tukitazama kona ya mto. Ilipita nusu saa, kisha saa nzima. Mkono wa Hap usioumia ulikuwa umenishika kifundo cha mguu na haukuachia. Halafu Beth-Ann akasimama. Juu ya miamba, Duane na Pilar walikuwa wakija polepole, na katikati yao walikuwa wamemshika mtu aliyevaa kiatu kimoja. Walimkuta ameng'ang'ania kichaka ukingoni, wakamtoa, na Pilar ndiye aliyekuwa akimwambia kila pa kukanyaga.

Verl alipiga magoti kando ya Hap. Akageuza kichwa pembeni ili amwone.

"Nilikwambia kulia," Hap alisema.

"Sikukusikia."

"Najua."

Helikopta ilimchukua Hap alasiri hiyo. Kesho yake niliwashusha wageni waliobaki kwa boti yangu moja, na Verl alikaa mbele, kitambaa kichwani, mikono mapajani kama abiria mwingine yeyote. Tulipofika mwisho wa safari alimwendea mwenye kampuni yetu, aliyekuwa akitusubiri, kabla sijateremka. Sikusikia alichosema. Nilimwona tu mwenye kampuni akivua kofia.

Mwezi wa Julai nilimkuta kwenye banda la kampuni akibandika viraka kwenye boti, akitafuta matundu kwa ncha za vidole. Hatukuwa tumezungumza tangu Mei. Nilikaa juu ya ndoo, nikamshikia kiraka.

"Hap anasema mwakani anakuja," alisema. "Anataka boti yako."

"Atakaa mbele?"

"Atakaa mbele." Alipaka gundi, akasubiri ikauke. "Ungesema siku ya pili, Cori. Ungenitoa kabla hatujaingia huko."

"Uliniomba."

"Niliomba, ndiyo. Na wewe ulipaswa kukataa."

"Nilipaswa," nilisema.

Alinyoosha mkono, nikampa kiraka, akakibandika na kukikandamiza kwa kiganja.