Kadi Thelathini na Tisa

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kabla jua halijawa kali, Yudith aliitundika mizani ya watoto kwenye boriti ya kibaraza cha godauni la ushirika pale Kichangani, bondeni, upande wa Tindiga. Godauni lenyewe lilikuwa tupu. Tangu biashara iwe huria, mpunga ulinunuliwa na watu wa magari waliotokea Dumila na mizani yao wenyewe, na ndani walibaki popo. Yudith aliifuta mizani kwa upindo wa kanga, akaning'iniza kwenye ndoano kile kikaptula cha turubai ambamo watoto huingizwa miguu ili wapimwe, kisha akainama kuhakikisha mshale umesimama kwenye sifuri. Kikaptula kikiwa kitupu, mshale lazima usome sifuri. Usiposoma, unakaza skrubu ya nyuma mpaka usome, halafu unaandika kile mshale unachosema, si kile unachokipenda wewe. Hivyo ndivyo alivyofundishwa Morogoro kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijiji, na Yudith, aliyesomea shule ya misheni huko milimani Ukaguru, hakuwa mtu wa kufundishwa mara mbili. Kijiji kizima kilimwita Mama Mizani.

Jumatano hiyo ya Juni, mwaka tisini na tatu, mshale ulisoma kilo saba na gramu mia mbili.

Akakaza skrubu. Saba na mia mbili. Akakitoa kikaptula, mshale ukarudi sifuri. Akakirudisha, mshale ukapanda taratibu na mikanda ikalia. Matundu mawili ya miguu yalikuwa yametanuka, yamejaa.

"Usihangaike, Mama Mizani," alisema Costancia kutoka mbele ya foleni. "Huyo ni Abeli wangu. Si unajua yeye huwa wa kwanza?"

Abeli alikuwa amezikwa Aprili. Lakini ni kweli, alipokuwa hai mama yake alikuwa akidamka alfajiri ili amuwahishie nafasi. Yudith alikitazama kikaptula, kilikuwa kikibembea kidogo, kwa namna ya mtoto anayechezesha miguu.

"Kadi unayo?" aliuliza.

Costancia alifungua pindo la kanga akatoa kadi. Nukta ya mwisho ilikuwa ya Aprili, kilo tano na mia nane, kwenye nyekundu, eneo la hatari. Yudith akaweka nukta mpya, ikaangukia kijivu, eneo la juu yake.

"Ameongeza."

"Nimeona," alisema Costancia. "Siku hizi hata mgongoni ananielemea."

Zamani kwenye kona ya kibaraza hicho ndipo ulipopikwa uji wa lishe. Unga, karanga, mafuta na sukari vililetwa na lori kutoka Kilosa, na kila mtoto aliyepimwa alikunywa kikombe chake, wa nyekundu akaongezewa. Februari lori lilikuja na barua tu. Yudith aliisoma kwa sauti. Ilisema serikali inabana matumizi, fedha za uji wa watoto zimepunguzwa, wananchi wachangie. Akina mama wakauliza wachangie nini. Yudith aliipindua barua akatazama nyuma, nako hakukuandikwa kitu. Watu wa lori wakachukua sufuria, wakaacha mafiga matatu.

Baada ya Abeli walifuata wengine. Hadi masika ya mwaka uliofuata walifika tisa, na wote walihudhuria kliniki, hakuna aliyechelewa hata mwezi mmoja. Mama alifika mgongo wazi, kadi mkononi, akainamisha bega kwenye kikaptula, mshale ukapanda. Wote waliongeza. Wote walipita kijivu wakaingia kijani, na kwenye kadi mistari yao ilipanda vizuri kuliko ile iliyochorwa na wataalamu. Mama zao walianza kukaa pamoja, upande wa kivulini, wakilinganisha kilo. Malalamiko yalikuwa ya foleni tu.

"Jamani, na sisi!" walisema wenzao. "Wa kwetu jua linawachoma. Wenu jua wanalijulia wapi?"

Kitu kingine kilikuwa mafiga. Moto haukuwashwa hapo mwaka mzima, lakini siku ya kliniki yalikuwa na joto la kukalika, na ukiinama ulisikia harufu ya karanga. Yudith aliligusa moja mara moja tu, akajifuta mkono. Sasa alijua uji ulikokwenda: kwa wale tisa.

Bernadetha ndiye aliyeyatumia yale mafiga. Alikuwa mke wa Shigela, Msukuma aliyehamia na ng'ombe kumi na wanne. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikambakizia wawili wasio na maziwa. Mtoto wao Winnie alikuwa na miezi kumi na mitano na kilo sita na mia moja. Alikuwa nyekundu tangu Krismasi. Bernadetha alimkalisha juu ya figa apate japo lile joto, na Winnie akatulia, akatazama hewani mahali sufuria lilipokuwa, akafungua mdomo. Akafunga. Akafungua tena, akasubiri. Hakulia. Aliangalia kulia na kushoto, mtu anavyowaangalia waliomtangulia.

"Anangoja zamu," Bernadetha alimwambia Yudith. "Mama Mizani, sitaki apate zamu pale. Nataka ashibe hapa hapa kwangu."

Aprili kukaja waraka mwingine. Ulisema Mei watoto wote wahesabiwe. Mahali ambapo watoto watatu au zaidi katika kila kumi waliopimwa wako nyekundu, uji utarudi. Kwingine kote unafutwa moja kwa moja.

Yudith alipiga hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake. Watoto walio hai thelathini, nyekundu kumi. Walivuka. Kisha akawaongeza wale tisa, wote kijani. Hawakuvuka. Akafuta ukuta, akapiga tena, ikaja ile ile.

Bernadetha alimfuata shambani, wakati wa kuvuna mpunga. Alipiga magoti matopeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, utalowa."

"Usiwaandike wale. Wao wameshashiba."

Yudith aliendelea kukata masuke. Tangu aanze kazi hakuwahi kuacha kuandika kilichosomwa na mshale, na kwa jambo hilo alikuwa na majivuno yake. Moyo ulimuuma kana kwamba kaambiwa aibe.

"Sitawaandika," alisema.

Kwa Costancia alikwenda mwenyewe. Costancia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umemwandika toka ana siku kumi. Miezi yote aliyokonda ulimwandika. Leo amenona, ndiyo unamfuta?" Yudith alikaa naye mpaka maharage yakaiva, akaaga.

Siku ya kliniki ya Mei, Melkizedek, mratibu wa mpango wa uji, alifika saa nne kwa pikipiki, amevaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu. Alikuwa mpole. Alipokea shikamoo zote bila haraka. Yudith akampa fomu yenye watoto thelathini, nyekundu kumi.

"Kumi katika thelathini," alisema Melkizedek. "Mmepita. Sufuria lenu linarudi."

Bernadetha alijishika mdomo. Kuna waliopiga vigelegele.

"Sasa nikusanyieni kadi nizihakiki."

Mtu wa serikali akiomba kadi, mama wa Kichangani haulizi swali. Kadi zilitoka kwenye mapindo ya kanga, upande wa juani na upande wa kivulini, zikapita mkono kwa mkono mpaka mezani. Yudith aliziona zikipita. Ya Costancia ilikuwa ya kwanza.

Melkizedek alizihesabu mara mbili. Zilikuwa thelathini na tisa.

"Hizi tisa?"

"Hao walikufa," alisema Yudith.

"Lakini wanapimwa."

"Wanapimwa."

"Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

Alikwenda penye mizani. Costancia alishainamisha bega, na mshale ulikuwa kwenye kilo kumi na mia nne. Melkizedek aligonga kioo kwa ukucha. Mshale haukucheza. Akarudi akaketi.

"Waraka unasema watoto waliopimwa," alisema. "Hausemi zaidi ya hapo."

"Bwana Melkizedek, hawa wamekufa kwa kukosa huo uji!" Hakuna aliyewahi kumsikia Yudith akipaza sauti. "Mliuondoa, wakafa. Leo mnawahesabu kuwa ndio walioshiba, ili mwue na hawa waliobaki? Ni akili gani hiyo?"

"Nimekuelewa, mama. Na poleni sana." Alikuwa amepoa kweli kweli, hata kalamu aliishika kwa huzuni. "Lakini kumi katika thelathini na tisa haifiki watatu katika kumi. Angalia mwenyewe."

Alikata thelathini kwa mstari mmoja, akaandika thelathini na tisa, akamsogezea Yudith fomu atie sahihi. Yudith akakataa. Chini ya fomu kulikuwa na kisanduku cha mhudumu aliyekataa kusaini. Melkizedek akakitia alama. Akiwasha pikipiki alisema Kichangani wamefanya vizuri. Bila uji hata kikombe, watoto wameongeza uzito hivi. Atawaandika kwenye ripoti wawe mfano kwa vijiji vingine.

Costancia ndiye aliyelia kwanza. Alimwendea Bernadetha.

"Mama Winnie, nisamehe. Nilitaka tu na yeye aonekane."

Bernadetha alikuwa anamwangalia Winnie juu ya figa. Mdomo ulikuwa wazi, umetulia, na safari hii mtoto alimeza.

Wiki ile Yudith alipanda gari hadi Kilosa na barua ya kurasa nne. Aliandika majina tisa, tarehe za kuzikwa, na majina kumi ya wanaofuata. Karani aliipokea, akaigonga muhuri, akamwambia kumbukumbu zinaonyesha Kichangani hakuna tatizo. Yudith alimwambia kumbukumbu hizo ameandika yeye. Karani akampongeza kwa mwandiko mzuri.

Jumatano ya kwanza ya Juni alitundika mizani, akafuta vumbi, akaning'iniza kikaptula. Akainama kutazama sifuri. Mshale ulikuwa tayari umeanza kupanda, na nyuma yake alisikia mtu aliyetembea haraka akihema.

"Shikamoo, Mama Mizani."

Alikuwa Bernadetha. Mbeleko ilikuwa imefungwa vizuri mgongoni, haina mtu ndani. Mkononi alikuwa na kadi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Yudith.

Mshale ulisimama kwenye kilo sita na mia tisa. Yudith alikaza skrubu, akailegeza, akaikaza. Kisha akachukua kalamu.

"Ameongeza?" aliuliza Bernadetha.

"Ameongeza. Gramu mia nane."

Yudith aliweka nukta. Ilikuwa ya kwanza kutoka nje ya nyekundu tangu Krismasi. Bernadetha aliinama chini ya kikaptula, mshale ukarudi sifuri, akakaza mbeleko kwa sababu mzigo ulikuwa umeongezeka, akaenda kukaa upande wa kivulini. Costancia akamsogezea nafasi.

"Anayefuata," aliita Yudith.