Titi Langu, Jina la Joweria

Kwenye skrini, titi langu lilikuwa na jina la Joweria.

Jina hilo nililitoa mwenyewe pale mapokezi ya hospitali, pamoja na kadi ya bima ya Joweria, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Karama. Sisi walinzi tuna imani yetu: ukipimwa Dubai ukakutwa na kitu, viza inafutwa, unapandishwa ndege hata shuka hujakunja. Basi nilipomwambia kuhusu uvimbe, Joweria alichomoa kadi yake. "Nenda nayo, dada. Hawa hawatutofautishi." Tukacheka sana. Wajinga ndio waliwao, nami nilidhani mjinga ni daktari.

Daktari Muhanna, mama wa makamo, alinishushia kifuani bamba pana la mashine ya kupiga picha, likapita lenyewe taratibu. Kisha akaigeuza ile picha huku na huku, juu na chini, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, kingo zake zimechongoka.

"Joweria."

Sikuitika.

"Joweria!"

"Naam, daktari."

"Kitu hiki sikipendi. Jumapili saa tatu asubuhi nitakitoa kipande kwa sindano, kipimwe." Akafungua faili. "Lakini miezi minane iliyopita ulikuja hapa, na titi hili lilikuwa safi kabisa. Kama kimekua upesi hivi, itabidi tukivamie kwa dawa kali."

Lo! Joweria hakuniambia kwamba aliwahi kufika hapa. Uzima wake ulikuwa unanipimia dawa mimi, na ugonjwa wangu ulikuwa unaandikwa katika faili lake yeye. Kama kuna viza ya kufutwa, ingefutwa ya nani? Nilijionea aibu mpaka masikio yakaniwaka. Niliogopa pia, sikatai. Ada ya wanangu wawili kule Kwale inatoka kwenye sare hii.

Nikaketi, nikafunga vifungo vya shati.

"Daktari, futa hilo jina. Mimi si Joweria. Yeye ni mzima, na mimi sijawahi kupimwa popote."

Mkono wake ukasimama. Uso ukamkunjamana.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua. Mtanirudisha kwetu?"

"Ya viza siyajui. Ninalolijua ni hili hapa." Akagusa skrini. "Na hili halingoji."

"Basi nami singoji. Andika."

Akavuta kibodi. "Niandike nani?"

"Mwanamkasi," nikasema, kwa sauti ile ninayozuilia watu mlangoni.