Wali Wangu Ulisingiziwa

Mwanangu Wagiman aliporudi kutoka zahanati na karatasi ya kisukari, hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni pa jiko langu akasema, "Mbok," ndivyo aniitavyo mimi mama yake, "wali wako ndio ulioniharibu. Msimu huu hatupandi. Shamba nawakodishia watu wa miwa."

Shamba liko kwa jina lake tangu baba yake afariki. Lakini mimi nimelipanda miaka hamsini na miwili, na mchele wake ukipikwa, jirani huuliza wali ni wa nani kabla hajauliza kuna mboga gani.

Nilikuwa napepeta. Nikaendelea kupepeta.

"Miwa?" nikamwuliza. "Kwa hiyo unaukimbia wali, unakwenda kulima sukari."

Mkewe Partinah akacheka mpaka akakaa chini. Wagiman hakucheka.

"Mbegu nimeshazimwaga kitaluni," nikasema. "Siku ishirini na tano miche iko tayari. Siku hiyo uamue."

Wali akauacha kweli. Sasa, kwetu mtu asipogusa wali husema hajala, hata kama tumbo linataka kupasuka. Nami nimesema hivyo maisha yangu yote. Asubuhi Wagiman alikunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari na vipande vinne vya muhogo wa kukaanga. Saa nne, tambi za pakiti. Mchana ndizi za kukaanga, chai nyingine, mkate. Jioni akaniambia kwa sauti ya mgonjwa, "Mbok, leo tangu asubuhi sijala kitu."

Nilivunja njiti za ufagio, kila alichotia mdomoni njiti moja ndani ya kopo.

Siku ya kumi akaenda kupima. Sukari ya damu ilikuwa mia mbili na thelathini, ikawa mia mbili hamsini na moja. Akarudi amenuna. Nikamwaga kopo mbele yake.

"Nini hizi?"

"Ni siku kumi za mtu asiyekula."

"Na hiyo ndefu," Partinah akadakia, "ni ile ndizi uliyomnyang'anya mwanao!"

Kesho yake nikafuatana naye kwa Nesi Ningrum. Nasema kweli, nilikwenda ili nisikie wali hauna kosa.

"Mbah," nesi akaniambia, kama wanavyotuita sisi bibi wazee, "wali peke yake haumpi mtu kisukari. Wala muhogo. Baba yake alikuwa nacho?"

"Alikuwa nacho."

"Basi kuna damu ya ukoo, kuna unene, kuna kushinda juu ya pikipiki, kuna sukari ya kwenye glasi. Lakini sahani yako naijua, Mbah. Nilikula kwako kwenye karamu. Wewe hupakui wali, unapakua mlima."

Nilitazama sakafu. Kwetu mlima huo ndio mapenzi.

Nikaanza kupima wali wake kwa kifuu kimoja cha nazi, mboga za majani na tempe, ile soya iliyochachushwa, vikajaza sahani. Chai ikawa haina sukari. Siku ya kwanza alikunja sura kama amekunywa maji ya mfereji wa paa. Vidonge akameza. Asubuhi na jioni tukaenda kwa miguu mpaka kitaluni kufukuza bata.

Siku ya ishirini na tano alikwenda kupima peke yake. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamefika shambani, sketi zimepandishwa, wala hawakujua watapanda au watarudi nyumbani. Nami sikujua. Nilifunga miche vitita hivyo hivyo.

Akatokea kwenye tuta la shamba, kwa miguu.

"Mia moja na sitini, Mbok. Nesi amesema bado ni kisukari, dawa nisiache."

"Usiache."

"Watu wa miwa nimewaambia watafute kwingine."

Hakungoja nimjibu. Alikunja suruali, akachukua kitita, akaingia kwenye tope kati ya wanawake, akaanza kupanda kinyumenyume kama wao.

"Jamani!" Mbah Kasiyem, mmoja wa wapandaji, akapiga kelele. "Huyu anapanda au anafuata nyoka?"

Walicheka mpaka bata wakakimbia. Mstari wake ulipinda vibaya mno. Walitaka kuung'oa waupange upya, nikawakataza. Sasa mpunga umefika magotini, na mpita njia akiniuliza nani kaharibu mstari ule, namjibu kwa sauti, asikie mpaka jirani: ni mwanangu.