Siku Nilipofanywa Mfano

Kaka yangu Swalehe ni mwenyekiti wa kitongoji, na mdomo wake haujui kupumzika. Alinifuata shambani, suruali kaikunja magotini, akasimama chini ya dungu langu, kibanda cha juu ninamolindia mpunga.

"Zamda, shuka! Kesho tuna mgeni kutoka Kibiti. Anazungumza na akina mama juu ya uhuru wa kiuchumi. Nimekutaja wewe."

"Mimi? Na mpunga nani atanilindia? Huoni uko kwenye maziwa, punje bado laini? Ndege hawana mkutano, kaka!"

Akacheka. Jamani, nilitamani kumrushia tope. Tangu mume wangu Mtoro aniache nilikuwa nalala kwake Swalehe, mkewe Biasha akinihesabia matonge. Shamba hili nimelilima peke yangu, nikahamia humu dunguni na chungu na mkeka, toka alfajiri navuta kamba za makopo kufukuza ndege. Nikivuna nasimamisha nyumba yangu, sirudi kwa mtu. Swalehe alilijua hilo vizuri sana.

"Mwanamke anayejitegemea hapa ni wewe," akasema. "Usiniaibishe."

Nikamwomba Sijaona, jirani yangu wa shamba, aniamie ndege, awafukuze mpaka nirudi. Kumbe naye kaitwa. Wanawake wote wameitwa! Basi nikaenda, mjinga mimi, maana kaka ni kaka.

Mgeni alichelewa, boti yake ilikwama maji yalipokupwa. Tukaimba, tukakaa juani, tukaimba tena. Alipofika akanisimamisha mbele ya watu. "Mtazameni mwanamke huru!" Makofi. Uhuru hivi, uhuru vile, mpaka masikio yakachoka. Nikanyoosha mkono kuomba ruhusa niondoke. Swalehe akanikata jicho, nikakaa.

Niliporudi, ndege waliinuka shambani kundi zima. Masuke yamesimama wima, matupu. Nikayaminya moja moja, hamna kitu. Nikalia kwa hasira, nikamtukana mgeni, nikamtukana Swalehe, nikajitukana na mimi.

Nilivumilia mpaka unga ukaniishia, kisha nikabeba mkeka wangu kwenda kwa kaka. Alikuwa barazani akiwaonyesha wenzake picha yangu kwenye simu, nimesimama na mgeni. Biasha akanipakulia wali, akanitengea pembeni.

"Kaa kwa uhuru, wifi," akasema, huku akifunika sufuria.

Nikamshukuru. Ningesema nini, na wali ni wake?