Siku Mtihani Ulipovuja

Usiku wa kuamkia mtihani wangu wa ufundi niliota ujumbe umeingia kwenye simu, maneno mawili tu: "Mtihani umevuja."

Mtu mwingine angeuliza maswali yenyewe ni yapi. Mimi niliuliza unavujia wapi, nikabeba mfuko wangu wa vifaa. Nina miaka sita kwenye kazi ya matengenezo ya majengo, na kwetu kitu kikivuja hakijadiliwi, kinazibwa.

Nieleze kidogo. Naitwa Fides Kihwele, fundi msaidizi kwenye jengo la ofisi hapa Iringa. Usaidizi wangu ni kushika ngazi. Fundi Sanga anapanda, mimi nashika. Watu wa maofisini hawajui hata jina langu, wananiita dada wa ngazi. Mwezi wa tatu nilifanya mtihani wa ngazi ya pili, ule ambao ukifaulu neno "msaidizi" linafutwa, nikafeli kwa jambo la kipuuzi kabisa. Nilizungusha ile tepu nyeupe ya kuzibia viungio kinyume na meno ya bomba, kiungio kikavuja, maji yakaingia kwenye viatu vya Mwalimu Mgovano. Kurudia unaruhusiwa mara moja tu. Nikifeli tena nitashika ngazi mpaka nizeeke, na hilo linaniuma kuliko ninavyoonyesha.

Basi, natoka chumbani kwangu, mguu wa kwanza uko kizingitini, wa pili unakanyaga ndani ya chumba cha mtihani. Siulizi. Chuo ni kile kile nilikofelia mwezi wa tatu, ila madirisha ni ya jiko la mama mwenye nyumba wangu, Mama Atukuzwe. Huyu mama ananiita Bibi Kesho. Tangi lake la maji linavuja tangu kabla ya Pasaka, na kila akiniomba nilitazame namwambia kesho. Ndoo yake ya kukingia ipo hapa pia, imekaa dawati la mbele na kalamu yake.

Dari inadondosha maswali. Tone moja, swali moja. Linaanguka, linajisoma, linakauka. Watahiniwa wenzangu wamekinga mabeseni na sufuria, mmoja kakinga kofia. Mwalimu Mgovano ameketi chini ya mwavuli, amevaa mabuti ya mpira, anatangaza kwamba muda bado upo.

Tone likaniangukia mkononi. Likasema kwa adabu kwamba lenyewe ni swali la nne, na kabla halijaendelea nikalifuta kwenye ovaroli. Sikuja kukinga mimi.

Nikaomba ngazi. Zilikuwa mbili ukutani, moja imeandikwa "ya kwanza", nyingine "ya pili". Ya kwanza naijua, sugu za viganja vyangu ni zake. Nikaipita bila kuiangalia usoni, nikaikamata ya pili.

"Unanishikia nani?" ikauliza.

"Nakupanda mwenyewe."

Ngazi ikaomba radhi, ikasema ilikuwa imenizoea chini. Ila ikanikumbusha kanuni ya kwanza ya kazini, kwamba hakuna kupanda bila mtu wa kushika. Nikatazama chumba kizima. Kila mkono una beseni.

Nikampigia Fundi Sanga. Akaniambia lile analomwambia kila mteja, kwamba yuko njiani. Najua alikuwa kwake anakunywa chai. Lakini humu ndotoni neno hilo lilichukuliwa kama lilivyo. Nikasikia lami inateleza chini ya kiti chake, upepo unavuma kwenye simu, kikombe kinagongana na meno yake. Njia imembeba na haisimami. Nikasubiri, nikapiga tena. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeipita Mafinga kwa kasi, kwamba yupo hapo kwenye kona.

Kona ikafika peke yake.

Ilikuwa kona ya kawaida ya nyumba, kuta mbili zimekutana, plasta imebanduka kidogo kwa chini. Ikatusalimia, ikaeleza kwamba imetangulia, Fundi Sanga atachelewa. Nikaiomba inishikie ngazi. Ikasema kazi hiyo inaiweza, ngazi zote tangu zamani huja kujiegemeza kwake. Ikaja nyuma, ikasimama imara, ikaniambia nisiwe na wasiwasi. Miaka sita nimewashikia watu, sijawahi kushikiwa.

Napanda. Juu ya dari kuna bomba moja refu limelala kiubavu, na elbo yake, kile kiungio cha kupindia, inachuruzika. Naitazama tepu. Imezungushwa kinyume.

"Nani kakufunga hivi?" nikauliza, kwa ile sauti ambayo kila fundi huitumia kumsema fundi aliyemtangulia.

"Wewe," bomba likasema. "Mwezi wa tatu."

Nilitamani ngazi initeme. Lakini bomba halikunisema zaidi. Likaninong'oneza kwamba limebakiwa na swali moja tumboni, la vitendo, lile lenye alama nyingi. Nikikinga kiganja litanidondoshea mimi peke yangu, halafu nizibe nikipenda. Kule chini wenzangu wakasikia. Wakaanza kunisihi nisiguse kitu mpaka lidondoke na wao wakinge. Mmoja akaniambia, dada wa ngazi, shuka, kuziba si kazi yako.

Lile swali nalitaka, siwezi kudanganya. Nalitaka mpaka mate yananijaa. Mkono wangu wa kushoto umeshakunjika kama kikombe. Lakini wa kulia umelisikia lile neno la dada wa ngazi, na wa kulia ndio wenye hasira zangu zote. Umeshafungua mfuko, umeshatoa tepu.

"Niambie tu nizungushe upande gani," nikasema.

"Upande unaokazia," bomba likajibu. "Ukikaza inajibana. Wewe uliizungusha upande wa kufungulia, ulipokaza ikajikusanya."

Nikafungua elbo, nikasugua meno ya bomba mpaka yakang'aa, nikazungusha tepu kuelekea upande wa kukazia. Bomba lilikuwa linatekenyeka, likawa linahesabu mizunguko huku linacheka, na kwenye mzunguko wa tisa likakosea ikabidi tukubaliane. Nikarudisha elbo, nikakaza kwa spana. Tone la mwisho likachungulia, likaona hapana pa kupita, likarudi ndani na swali lake.

Chumba kikatulia. Mwalimu Mgovano anafunga mwavuli. Anavua buti moja, anakanyaga sakafu kwa soksi taratibu, anasubiri. Sakafu ni kavu. Anainua uso kunitazama, anafungua mdomo aniite, na mimi nimening'inia pale juu nasubiri kusikia ataniita nani, mara mlango unagongwa.

"Fundi. Fundi Fides, umeamka?"

Ilikuwa asubuhi, na sauti ni ya Mama Atukuzwe. Nikajifunga kanga, nikatoka, nikamwamkia. Hakuitikia vizuri kwa furaha. Akanishika mkono akanivuta nyuma ya jiko, kwenye ule mnara wa matofali wenye tangi. Ndoo yake ilikuwa kavu, na buibui mdogo alikuwa anaikagua. Juu, kwenye kiungio, niliona tepu mpya nyeupe. Nikakodoa macho kuhakikisha. Imezungushwa upande wa kukazia.

Akasema Mungu anibariki, hatanitania tena. Kitu kimoja tu kinamtatiza: mnara ni mrefu, na nyumba hii haina ngazi, wala jirani hana.

Nikatazama chini. Kwenye tope, pale jiko linapopinda, kulikuwa na mashimo mawili yaliyolingana, ya miguu ya ngazi. Na kona ya jiko ilikuwa imesimama juu yake, plasta imebanduka kidogo kwa chini.

"Nani alikushikia?" akauliza.

Nikamwambia nitamweleza nikirudi, nina mtihani saa mbili. Nikavaa ovaroli, nikachukua mfuko. Wakati wa kutoka nikapita kwenye kona, nikaigusa kidogo begani, nikaishukuru.

"Kaseme na mtihani wako," Mama Atukuzwe akaniita nyuma, "siyo na ukuta. Unachelewa, Fundi."